Usipumue na Kabati la Bibi

Pale chuoni hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Walimwita Usipumue, na jina lenyewe alijitafutia.

Ilikuwa kwenye mtihani wa vitendo wa kupiga picha ya kifua kwa eksirei. Aliletewa askari mstaafu, mtu wa amri, asiyejua kuuliza maswali. Akamsimamisha vizuri, akaingia nyuma ya kioo, akasema, "Vuta pumzi. Ishikilie, usipumue." Akabonyeza kitufe. Picha ikatokea kwenye skrini, safi ajabu, na binti wa watu akazama kuitazama, ubavu mmoja baada ya mwingine. Kule ndani askari alikuwa bado anatii amri. Alipoanza kuyumba, ilibidi mkufunzi mwenyewe amwambie apumue. Usipumue akafelishwa papo hapo, na wenzake wakacheka mpaka wakaishiwa nguvu.

Sasa alibakiwa na nafasi moja ya kurudia. Akifeli tena, anafungasha virago. Hapo kicheko kilimwishia, maana kazi hii aliipenda kufa.

Bibi yake, aliyemlea tangu mdogo, hakuona haja ya kilio. "Kosa moja haliachi mke," alisema. "Haya, hiyo mashine yenu ikoje?"

Mashine ikawa kabati la nguo. Kila jioni bibi alibandika kifua kwenye mlango wake, kidevu juu, mikono kiunoni, mabega mbele, na mjukuu akatoa amri kutoka nyuma ya pazia. Akichelewa kidogo tu, bibi aligonga kabati kwa goti na kufoka, "Unaangalia nini huko? Picha haifi. Nitakayekufa ni mimi."

Siku ya mtihani ikafika. Safari hii mgonjwa alikuwa fundi cherehani, mzee mwembamba mwenye kikohozi. Mkufunzi alijibanza pembeni na kalamu yake, hacheki wala hanuni. Usipumue akamsogeza mzee kwenye bamba la mashine, akamlegeza mabega, akamweleza polepole kitakachofuata. Alipofika nyuma ya kioo, macho yalikataa kumwacha yule mzee.

"Vuta pumzi, baba. Ishikilie."

Akaona mabega yanatetemeka. Kikohozi kilikuwa njiani. Akaondoa kidole kwenye kitufe. "Pumua kwanza, baba. Hatuna haraka."

Mara ya pili mzee alitulia. Akabonyeza, na mlio wa mashine ulipokatika tu, akasema, "Pumua." Akatoka kumshika mkono, akamketisha, akamuuliza kama anasikia kizunguzungu, akamsaidia vifungo vya shati. Walikuwa wameshafika kwenye habari za wajukuu mkufunzi alipojikohoza.

"Picha umeiangalia?"

Usipumue akageuza shingo kuelekea skrini. Picha alikuwa ameisahau kabisa, kana kwamba watu huja pale kupiga soga. "Bado, mwalimu," akasema, machozi yakimlenga.

"Si ukaiangalie? Mgonjwa si bado yupo?"

Akaenda. Mapafu yote mawili yalikuwamo, juu mpaka chini, hayakukatwa popote. Mkufunzi akachungulia juu ya bega lake, akaandika kitu, akafunga kalamu.

"Safari ile ulimsahau mtu. Leo umesahau picha. Kwa hili la leo nitakunyoosha taratibu, lakini lile la kwanza lilinikosesha usingizi. Umefaulu. Na umalize kumfunga mzee vifungo, umemwacha nusu."

Alipotoka nje akampigia bibi. Simu haikuwahi kuita mara ya pili.

"Bibi, uko wapi?"

"Nitakuwa wapi mimi? Nimesimama hapa kabatini tangu ulipoondoka. Sema basi, mwenzio kifua kimejaa."

Akacheka huku analia, pale pale mlangoni, watu wakimpisha.

"Pumua, bibi."