Kitabu cha Nyuki cha Mwalimu Théodore

Mwisho wa 1974 duka langu la vitabu, karibu na soko la Kadutu mjini Bukavu, lilikuwa na ubao nje ya mlango. Kila Jumatatu niliandika kwa chaki vitabu vilivyopendwa zaidi, jina la aliyekipenda kila kimoja, na kautani kidogo. Wengi walisoma ubao, wakacheka, wakajiendea bila kununua hata bahasha.

Kilichoshinda vyote kilikuwa kile cha mifano ya barua: ya kuomba kazi, ya kutoa pole, ya kutongoza. Vijana walinakili barua ile ile ya mapenzi, hata binti mmoja, Virginie, akaipokea mara tatu kwa wiki moja. Alikuja kunigombeza mimi.

"Papa Firmin, utafute ingine kitabu! Hawa wote banasema macho yangu iko nyota!"

Ndani ya duka tuliitana kwa majina ya ubatizo. Nje, tangu serikali ilipoyakataza kwa kuwa ni ya kizungu, mimi nilikuwa citoyen, yaani raia, Kahasha, na rafiki yangu mwalimu Théodore alikuwa citoyen Bulonza. Bukavu nzima ilijua kubadili jina kizingitini.

Théodore alikuwa anangoja barua ya kumfanya directeur, mkuu wa shule, na directeur alipewa nyumba ya vyumba vinne. Yeye na mke wake Marie-Louise walikaa na watoto sita katika vyumba viwili kule Cimpunda. Mvua ikinyesha, wote walisogea upande mmoja.

Jumatatu hiyo niliandika: "Kitabu cha kufuga nyuki. Mwalimu Théodore amekisoma mara nne. Nyuki hana hata mmoja, lakini muke wake anajua kuuma."

Nikajichekea. Ubao ulikuwa nje. Mkono wangu ulikuwa bado ndani, kwenye majina ya ubatizo.

Saa nne akapita katibu wa kartie, mtaa wetu, abacost yake, ile suti ya serikali isiyo na tai, imepigwa pasi. Alisoma mpaka mwisho. Hakucheka.

"Citoyen Kahasha, huyu Théodore ni nani?"

"Mwalimu Bulonza."

"Na kwa nini iko na hii jina?"

Chaki ilikuwa bado mkononi mwangu. Ningesema kosa ni langu, labda duka lingefungwa siku ile ile.

"Ni yeye mwenyewe anapenda tumuite vile," nikasema.

Akaandika katika kakarne kake, kadaftari ka mfukoni.

Alhamisi Théodore aliingia, akakaa juu ya katoni ya madaftari.

"Firmin, wanasema najiita jina la wazungu mbele ya watu. Ni ubao wako. Nyumba wanapatia mwengine. Mimi wananituma Shabunda, kule mbali porini, na Marie-Louise iko na mimba ya miezi nane."

"Shabunda kuna asali mingi," nikasema. Utani ulinitoka wenyewe, kama kikohozi.

Hakukasirika. "Wewe uende tu uwaambie ni mukono wako ulikosa. Karatasi wanatia sahihi kesho saa sita. Nitakuchungia duka."

Ijumaa asubuhi nilipanda mpaka ofisini kwa katibu, na kalenda tano mpya kwapani za kulainisha mazungumzo. Njia nzima nilikariri: ni mimi, ni mimi, ni mimi.

Katibu akainua kichwa. "Citoyen Kahasha! Uko na neno gani?"

"Nimewaletea kalenda."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Alinishukuru sana. Akaniomba na nyingine ya nyumbani kwake.

Niliporudi, Théodore alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekwisha kuuza vitabu viwili vya barua na kupanga upya rafu yangu ya hesabu.

"Walisema nini?"

"Wamekataa," nikamwambia.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti, ndugu yangu," akasema. "Hata vile, wewe ulienda."