Viraba vya Bernadine

Haya niliyapata kwa Twyla Haugen mwenyewe, majira ya baridi yaliyopita, jikoni kwake, mimi nikimenya viazi naye ameegemea friji kama mtu aliyesahau alichofuata. Nayaweka kama alivyoyatoa.

Kila tarehe ishirini na nane Twyla alipanga ratiba ya zamu ya mwezi unaofuata, kwa penseli na rula, kiraba kimoja kwa kila siku. Hospitali ya Sorrel ina vitanda kumi na viwili tu, lakini katika kaunti nne za upande ule wa Montana ndiyo peke yake iliyokuwa na manesi waliofundishwa kumpima mtu aliyebakwa na kumhifadhia ushahidi wake. Manesi wenyewe walikuwa wawili. Siku tatu T, siku tatu B. Mwenye zamu alikaa nyumbani akingoja kuitwa, na akiitwa afike ndani ya nusu saa. Hanywi bia, haendi kuvua samaki mbali, anaoga simu ikiwa juu ya sinki. Miaka tisa waliishi hivyo.

B alikuwa Bernadine Kolstad, jirani yake Twyla, nyumba ya ng'ambo ya barabara. Alifariki tarehe thelathini Oktoba, akianika suruali. Suruali hizo zilikuwa za wagonjwa. Nguo anazokuja nazo mtu hubaki kwenye mifuko ya karatasi kuwa ushahidi, na Bernadine hakutaka mwanamke arudi kwake na gauni la karatasi la hospitali. Basi alikusanya suruali laini, akazifua, akazipiga pasi, akazipanga kabatini kwa saizi. Walimzika na gauni la buluu lenye kola nyeupe. Kwenye ukumbi wa kanisa watu walikula sandwichi za nyama ya nguruwe, wakasema alikuwa mtu wa kazi.

Ratiba ya Novemba ilikuwa imeshabandikwa, kwa hiyo Twyla akazifanya T zake na B za marehemu, mwezi mzima. Tarehe ishirini na nane ilipofika, macho yakimfumba kwa usingizi, alifanya kama kila mwezi: akaiweka karatasi ya zamani pembeni, akainakili. T tatu, B tatu. Akaibandika, akaenda zake.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa saba mchana, aliingia Renae Sather, mwanamke wa miaka arobaini na moja anayeendesha basi la shule. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vikipishana. Alimwambia Lavonne wa mapokezi jambo lililompata, na aliyelifanya, kwa sauti ndogo, kisha akauliza kama anaruhusiwa kunywa maji.

"Bado, mpenzi," alisema Lavonne. "Ngoja kwanza nesi."

Alitazama ratiba. Siku hiyo ilikuwa B. Akapiga nyumbani kwa Bernadine, nyumba iliyokuwa imeshakatwa maji na umeme, na simu ikapokewa.

"Nakuja," alisema Bernadine.

Gari lake alikuwa ameshalichukua mpwa wake, kwa hiyo alikuja kwa miguu. Alitumia dakika kumi na nane. Theluji ilikuwa inaanguka na haikumshika begani.

"Saini hapa," alisema Lavonne. "Kalamu hiyo inagoma, itikise."

Saa tisa Twyla alishtuka kitandani, akakumbuka ile B. Aliendesha gari hadi hospitali na viatu vya nyumbani. Alimkuta Bernadine kwenye sinki la korido, mikono chini ya maji ya moto.

"Bernadine, wewe umekufa."

"Najua, mwanangu. Nilikuwepo. Rudi ukalale, sura yako kama yangu."

"Nilikosea ratiba."

"Hukukosea kitu, siku ni yangu. Suruali za saizi ya kati zimekwisha. Nani ameipekua kabati yangu?"

Twyla akamuuliza mbona anaosha mikono muda wote huo.

"Siioshi. Naipasha moto," alisema Bernadine. "Huyu mtu ameshaguswa vya kutosha. Sasa aguswe na baridi pia?"

Kila baada ya dakika chache alitoka kuipasha upya. Ilichukua saa nne. Kabla ya kila jambo aliomba ruhusa, na Renae alipokataa, waliacha. Mwishoni alifunga sanduku la ushahidi, akalibandika utepe, akaandika jina lake juu ya utepe kwa mwandiko ule ule ulioinamia kushoto. Renae alirudi nyumbani na suruali ya saizi kubwa, imekunjwa miguuni.

Jumatatu Twyla alikwenda kwa Bwana Pruitt, msimamizi wa hospitali, kuomba nesi mwingine.

"Ratiba si imejaa?" alisema Pruitt.

"Bernadine amefariki, Bwana Pruitt."

"Twyla, mimi nilibeba jeneza. Bega linaniuma mpaka leo. Ninachouliza ni hiki: akipigiwa, anakuja au haji?"

"Anakuja."

"Kwa dakika ngapi?"

"Kumi na nane."

"Kuna walio hai hapa hawafiki kwa dakika kumi na nane," alisema Pruitt, akalirudisha ombi kwenye faili.

Sanduku la Renae lilikwenda kwa mwendesha mashtaka, na kabla ya Krismasi likarudi. Barua ilikuwa ya adabu. Leseni ya nesi huisha siku anayokufa nesi, na marehemu haapishwi mahakamani. Waliliweka chumba cha dawa, rafu ya juu ya kabati ile ile ya suruali. Mwanamume aliyemfanyia Renae yale aliendelea kuuza mafuta kwenye kituo cha njia panda, pale basi la shule linapojazwa. Alikuwa akimpungia Renae mkono.

Twyla aliona aibu, na alipopanga ratiba ya Januari alifuta kila B. Viraba vikabaki vyeupe, Pruitt avione. Pruitt aliviona. Alisema atalipeleka lile ombi kwenye kikao cha masika.

Tarehe tisa Januari, siku ya kiraba cheupe, Twyla akiwa na mamake huko Billings, aliingia msichana aliyejifunika kofia ya koti. Lavonne alimweleza ilivyo: aende hospitali ya mjini, mwendo wa saa tatu, asioge, asibadilishe nguo, na akiweza asiende haja. Msichana akashukuru. Lavonne alisimama dirishani akaliona gari lake likifika njia panda, likasimama muda mrefu, kisha likageuka kurudi lilikotoka.

Kesho yake alasiri Renae alimkuta Twyla chumba cha manesi, ameishika ratiba. Alikuwa amekuja kuirudisha ile suruali, imefuliwa.

"Lavonne kaniambia," alisema Renae. "Mrudishe."

"Renae, ni saini yake iliyoua kesi yako. Kila atakayempima yeye, ni hivyo hivyo."

"Najua. Namwona yule kila asubuhi, najua kuliko wewe." Aliweka suruali mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Alinipashia mikono, Twyla. Mrudishe."

Twyla akaiweka ratiba mezani. Kisha akachukua kalamu ya wino, si penseli, akaandika B, B, B kwenye viraba vyeupe, cha siku hiyo kikiwemo, akaruka tatu, akaandika tena mpaka mwisho wa karatasi. Suruali akaiweka kabatini, rafu ya saizi kubwa, chini kabisa ya rafu ile yenye sanduku.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Alivua kiatu kimoja, akajilaza juu ya shuka, koti likiwa mwilini. Ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba isiyo na umeme, simu ililia mara mbili, ikapokewa. Mlango ukafunguka. Alizisikia hatua zikishuka kwenye theluji, zikapita chini ya dirisha lake, si za haraka, si za polepole. Twyla alianza kuhesabu dakika. Alifika ya nne, akalala.