Nitakushikia Kipimo

Mimi sivipendi hivi vipimo vya haraka, na sijawahi kuficha. Tangu vifike zahanati yetu, daktari ananiita Bi Shaka mbele ya wagonjwa, nao wanacheka. Wacheke tu. Miaka ishirini na miwili ya uuguzi nimeona malaria kwa darubini, kidudu chenyewe kabisa, leo niamini kiplastiki kisichozidi kidole? Mistari miwili unayo, mstari mmoja huna, nenda nyumbani. Hebu!

Meza yetu ni ndogo, imejaa mizani, daftari na sanduku la sindano. Basi nikabuni utaratibu wangu: nachoma kidole, naweka tone la damu na maji yake, kisha mgonjwa anakwenda kukaa na kipimo chake kwenye benchi la nje. Baada ya dakika kumi na tano anarudi nacho. Namba yake naiandika kwenye pakiti ya karatasi, maana kalamu yangu haishiki kwenye plastiki. Foleni ikapungua, daktari akanisifu.

Jumatatu akaja mdogo wangu, mimba ya miezi sita, anatetemeka ndani ya sweta. Nikamshika shingo: moto. Roho ikaniruka, maana mimba yake ya kwanza ilitoka kwa homa kama hiyohiyo. Nikampima. Akarudi na mstari mmoja.

"Hana malaria," daktari akasema. "Mpe ya kushusha homa, tutafute kingine."

"Kipimo kinadanganya."

"Bi Shaka, umeanza."

"Sijaanza, naendelea!"

Mdogo wangu akanivuta mkono. "Dada, basi, yaishe." Ndivyo alivyo tangu utotoni, hapendi ugomvi.

Nyuma yake akaingia mlinzi wa ghala la jirani, mtu wa miraba minne, mkononi kipimo chake chenye mistari miwili, anatabasamu. Jamani, nani anafurahia malaria? Nikamgusa paji la uso. Hana joto hata kidogo.

"Homa imeanza lini?"

"Juzi, Sista. Naomba tu cheti cha kupumzika, siku tatu."

Nikamgeukia mdogo wangu. "Ulibanduka kwenye benchi?"

"Nilikwenda msalani mara moja. Kaka huyu akaniambia, nitakushikia kipimo."

Mlinzi akaangalia viatu vyake.

"Mtu mzima ovyo!" Nilipiga kelele hadi nje wakanyamaza. "Unamwibia mjamzito ugonjwa wake?"

"Nilijua ni ndugu yako, Sista. Nikadhani dawa utampa tu."

Nikawapima upya wote wawili, mbele ya macho yangu, namba nimeikwaruza kwa sindano kwenye plastiki yenyewe. Mlinzi mstari mmoja. Mdogo wangu miwili, hata dakika kumi hazijafika. Tukamwanzishia dawa palepale, daktari akasikiliza tumbo, mtoto yumo na moyo unadunda. Nililia bila haya.

"Ulikuwa na haki ya kushuku," daktari akaniambia.

Haki gani? Miezi mitatu nimeshuku kipimo, sikushuku benchi wala kalamu yangu. Nikafungua daftari. Mlinzi yumo mara mbili, zote ana malaria.

"Mara ya kwanza ulichukua cha nani?"

"Cha yule mama mwenye mtoto mgongoni. Wiki iliyopita. Alikuwa amesinzia na kipimo cha mtoto mkononi."

Mwandiko ni wangu: mtoto wa miaka miwili, hana malaria, arudi nyumbani. Siku saba zimepita. Nikanyakua dawa za mtoto, nikatoka mbio nikiuliza njia hadi nikaifikia nyumba yao nyuma ya kiwanda cha matofali.

Mama mwenyewe alifungua mlango. Aliponiona na sare yangu, akanishika mikono yote miwili.

"Sista, hata wewe umekuja kutupa pole? Asante. Tulimzika Alhamisi. Usijilaumu, wewe ulimpima vizuri."

Dawa zilikuwa bado mkononi mwangu. Nikaomba nikae, nikamweleza habari za benchi.