Nyundo ya Mbao

"Njooni tuyamalize kifamilia," alisema mkuu wa chuo kwenye simu, na Kimya akajiuliza undugu huo umeanza lini. Mdogo wake alilazwa hospitali mpaka wauguzi wakamzoea kama kitanda, na ndugu huyu mpya hakumpelekea hata chungwa.

Kimya alikuwa anapiga pasi. Kazi yake ndiyo hiyo: watu wa maofisini humletea mashati yao pale nyumbani, naye huyarudisha yamenyooka kuliko wenyewe. Jina la Kimya alipewa utotoni likamganda, kwa kuwa akiwa katikati ya watu husikiliza kwanza, na mara nyingi zamu ya kuongea haifiki. Mama yake alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, kama bakuli la uji wa moto.

"Asante, Mkuu. Tutakuja," alisema mama.

"Na mje na mwanaume wa familia. Mtu muelewa."

Mtu muelewa alikuwepo, kwa bahati mbaya. Baba Mdogo, aliyemfuata marehemu baba yao kwa kuzaliwa, alisoma chuo hicho hicho cha upimaji ardhi, na hapakuwa na mtu mtaani asiyejua. Tai ya chuo aliivaa harusini, aliivaa msibani, na siku moja aliivaa kwenda kunyoa. Alipopewa habari za ule wito alikuja mbio, akakaa kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa.

"Niachieni mimi. Wale ni wenzangu. Nyinyi mtakwenda kulia tu pale, mtatuaibisha."

Kilichompata mdogo wake Kimya kinaelezeka kwa maneno machache, ingawa chuo kilitumia mengi kukizunguka. Kulikuwa na mchezo pale. Waliouita mchezo ni wale walioshika nyundo. Kila mwaka masomo yakianza, wanafunzi wa mwaka wa mwisho huwatoa wageni uwanjani, mchana kweupe, wakawaita vigingi. Wageni husimama mstari mmoja, mikono ubavuni, kamba imevutwa mbele yao kama wanaopimiwa kiwanja. Kigingi hakitikisiki, na kigingi hakisemi. Kikitikisika kinapigiliwa: begani, pajani, popote mwenye nyundo atakapopapenda. Mdogo wake Kimya alipiga chafya. Nyundo ikashuka gotini, pia ya goti ikapasuka. Daktari alisema kutembea atatembea, lakini si kwa mwendo wa kupanda vilima na mitambo ya kupimia mabegani. Kijana aliyetaka kupima nchi nzima sasa anapima umbali wa kitanda na choo, kwa magongo.

Chuo kilitoa taarifa kwamba mwanafunzi aliteleza.

Kabla ya kwenda kwa ndugu yao mpya, Kimya aliwapeleka kwanza kwa wakili ambaye mashati yake huyapiga pasi yeye. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wateja. Wakili alikuwa mama mnene, mtulivu, mwenye tabia ya kuvua miwani pale anapotaka mtu aelewe. Baba Mdogo alikuja pia, kusimamia.

"Waliompiga, hiyo ni jinai," alisema wakili. "Polisi wameshafungua faili, na hapo mwenye kesi ni serikali, nyinyi mashahidi. Waombeeni wafungwe, mkipenda. Ila goti haliponi kwa kufungwa mtu. Matibabu, masomo yaliyopotea, kazi ambayo hataifanya tena, hayo mnayadai nyinyi wenyewe, kwa kesi ya madai. Moja haizuii nyingine."

"Tuwadai wale vijana?" aliuliza mama. "Mmoja wao alikuwa anaazima kalamu kwa mwanangu."

"Ndiyo maana namwangalia mwenye nyumba. Chuo kina wajibu wa kuwalinda hao watoto. Kama kilijua mambo haya kikanyamaza, au kilipaswa kujua kikafumba macho, huo ni uzembe, na uzembe unadaiwa fidia. Mnaweza pia kupeleka malalamiko kwa mamlaka ya vyuo. Hao hawatawalipa kitu, lakini watakwenda kukagua, na kuna watu wakikaguliwa chakula hakishuki."

"Basi tuwadai," alisema mama.

Wakili akavua miwani. "Wao wanasema hawakujua, mama. Na hatuna wa kusema walijua. Nimewatafuta wenzake waliosimama naye pale. Kila mmoja anasema alikuwa anaangalia kamba." Akamgeukia Baba Mdogo. "Wewe mzee ulisoma pale. Mchezo huu wakati wenu ulikuwepo?"

Baba Mdogo akainyoosha tai. "Mambo ya chuo hubaki chuoni."

"Hata goti la mtoto wa kaka yako?"

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Goti si koleo, shemeji," alisema mama.

Wakili akawashauri waende wakasikilize, kusikiliza si dhambi. Wasisaini kitu. Karatasi za namna hiyo, alisema, huwa zinasamehe yaliyopita na yajayo, halafu ukija kushtuka huna pa kushika. Na wasilaze damu, maana madai yana muda wake kisheria, na ukishapita hata mwenye haki anarudishwa mlangoni.

Siku ya kikao mdogo wake Kimya alikataa kwenda. "Nikasimame tena mbele yao?" alisema, akageukia ukutani. Wakaenda watatu.

Ofisi ya mkuu wa chuo ilikuwa na viti viwili vizuri na benchi. Mkuu alikalia kimoja, Baba Mdogo akaonyeshwa cha pili, mama na Kimya wakapewa benchi karibu na mlango, chini ya ramani. Mkuu alikuwa mzee msafi, mwenye sauti ya wale wanaokupa pole huku wakitazama saa.

"Vijana ni vijana," alianza. "Chuo hakikujua lolote. Tungejua tungezuia siku hiyo hiyo. Hata hivyo tuna moyo. Gharama za hospitali tutazibeba. Na kijana tutampa kazi hapa hapa, ya kukaa, isiyomsumbua. Atatunza stoo ya vifaa."

"Vifaa gani?" aliuliza mama.

"Vya kupimia. Minyororo, kamba, vigingi. Nyundo."

Mama akafumba macho. Baba Mdogo akasema hakika huo ni ungwana mkubwa.

"Mtasaini hapa tu, kwamba aliteleza," alisema mkuu, akaisogeza karatasi mbele ya kiti kizuri. Benchi halikupewa karatasi.

Na hapo wangeweza kuyamaliza kifamilia kweli, kama wanaume wale wawili wangejua kufunga midomo. Lakini Baba Mdogo alikuwa amesubiri miaka mingi kukalia kiti kile, na mtu aliyesubiri hivyo hawezi kusaini akaondoka tu. Akashika kalamu, akacheka kidogo, akasema, "Mkuu hunikumbuki. Mimi ni kigingi chako. Ulikuwa mwalimu kijana wakati huo."

"Kweli?" Uso wa mkuu ukafunguka kama dirisha. "Mwaka upi?"

"Ule wa mvua nyingi. Tulisimama tope mpaka hapa. Na wewe ndiye ulishika kamba. Yaani mkono haukutetemeka."

"Aa, zile zilikuwa siku."

"Siku hizi wanadekezwa. Sisi tulipigiliwa kwa nyundo ya chuma, Mkuu. Ya chuma."

"Ya chuma!" Mkuu akapiga paja lake. "Halafu nikaona hapana, tutakuja kuua mtu. Nilipopewa chuo hiki jambo la kwanza niliita viongozi wa mwaka wa mwisho hapa hapa, nikawaambia, kuanzia leo chuma marufuku. Mbao tu. Nikawachongeshea mwenyewe kwa fundi. Kila mwaka nawakumbusha. Lazima kuwe na utu."

Wakacheka wote wawili, wanaume wa maana, waliokwishasahau benchi. Maana kwao aliyekaa benchi ni kama benchi. Mama alikuwa amemshika Kimya mkono kwa nguvu.

Kimya akasubiri kicheko kiishe. Hakuwa na haraka. Shati lenye mikunjo ukilikimbiza unaliunguza.

"Shikamoo, Mkuu," alisema. "Naomba kuuliza. Nyundo iliyompiga mdogo wangu ni hiyo uliyochongesha wewe?"

Mkuu akageuka taratibu, kama aliyesikia kabati likiongea.

"Nani kasema nyundo? Kijana aliteleza."

"Umesema wewe. Unawakumbusha kila mwaka."

"Binti, hayo yalikuwa mazungumzo. Utani wa watu wazima. Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba. Masikio nilikuja nayo kabla ya shule."

"Ah, wewe nawe," Baba Mdogo akaingilia, akitokwa jasho, "Mkuu anatania. Hata mimi nilikuwa natania. Hebu tuwe na adabu."

Mkuu angeokoka hapo. Kalamu ilikuwa bado mkononi, na Kimya alimjua baba yake mdogo: angesaini ili tu aendelee kuitwa mwenzetu. Kwa hiyo akasema jambo moja zaidi, kwa upole uleule.

"Sawa. Lakini Baba Mdogo amesikia, na yeye si mimi. Yeye ni msomi wa hapa, mtu wenu. Akiulizwa ataaminika."

Alilolitaka ni kumwogopesha mkuu. Hakujua mzee akiogopa anauma kilicho karibu.

"Mtu wetu?" Mkuu akamtazama Baba Mdogo kuanzia kwenye tai kushuka. "Huyu? Sasa nimemkumbuka. Huyu alilia kwenye mstari. Alimwita mama yake mpaka wapishi wakatoka jikoni kutazama. Na hakuhitimu. Alifeli mwaka wa pili tukamwondoa. Sijui hiyo tai kaazima wapi. Nenda kaseme popote, bwana, uone nani atamwamini mtu wa kulia-lia."

Ile ramani iliyokuwa ukutani ilionekana kuwa na damu kuliko uso wa Baba Mdogo.

"Kumbe, shemeji," alisema mama, basi. Na hakuna matusi ambayo yangeingia ndani zaidi ya lile neno moja.

Baba Mdogo akaweka kalamu chini. Akasimama, akagonga goti kwenye meza, akatoka bila kuaga. Karatasi ikabaki pale, nyeupe mahali pa saini. Kimya akamwinua mama yake, akamwambia mkuu asante kwa nafasi, wakaondoka. Mkuu akawaita mara mbili kwenye korido. Mara ya pili alisema "wanangu". Undugu ulikuwa umezidi.

Kesho yake Baba Mdogo aliwatangulia kwa wakili. Walimkuta amekaa ngazini, juu ya duka la rangi, anasubiri mlango ufunguliwe. Safari hii kijana mwenyewe alikuja pia. Alipanda ngazi moja moja na magongo, na alipofika usawa wa Baba Mdogo akampita.

Kimya alimweleza wakili yote, kuanzia ya chuma mpaka ya mbao. Wakili alivua miwani mapema kabisa.

"Nyinyi wawili mmesikia na mtasema," aliwaambia mama na Kimya. "Lakini upande wa pili utasimama useme, huyu mama, huyu dada, wana uchungu. Sasa mzee hapa alisimama kwenye mstari ule. Alimwona kwa macho aliyeshika kamba. Na jana alikwenda pale kama rafiki yao." Akamgeukia. "Uko tayari kuapa, mzee? Kwamba mkuu alijua, tangu zamani, na kwamba jana alikiri kuchongesha?"

"Niko tayari," alisema Baba Mdogo. "Ila uandike na kwamba sikulia."

"Hilo halihusiani na kesi."

"Ameniita mtu wa kulia-lia. Uandike. Nilisimama kama chuma."

"Mzee, hapa unaapa. Ulilia au hukulia?"

Baba Mdogo akaangalia dirishani. Chini kuna mtu alikuwa anakoroga rangi kwenye ndoo, kijiti kikigonga ukingo. Kimya alimtazama mtu huyu aliyewanyamazisha mezani maisha yao yote kwa elimu ambayo hakuipata, akatafuta huruma moyoni mwake kwa uvumilivu, kama mtu anayetafuta sindano. Hakuiona. Angemchukua hivyo hivyo. Fisi akikuamsha mwizi alipoingia, humfukuzi kwa sababu ni fisi.

Ni mdogo wake aliyeongea, kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Mimi nililia," alisema. "Nililia sana. Andika hivyo, wakili, kwenye maelezo yangu. Nililia, na nilisema basi, na hawakuacha."

Wakili akaandika. Kalamu yake ilisikika ikikwaruza karatasi. Baba Mdogo akakohoa, akaivuta tai yake, akaivuta tena, kama imembana.

"Andika nililia kidogo," alisema.

"Kidogo haina kipimo."

"Nililia, basi. Nilimwita mama. Wapishi wakatoka."

"Na kamba alishika nani?"

"Yeye."

"Alikuona unalia?"

"Aliniona. Alicheka. Akasema kigingi hakisemi."

"Hapo," alisema wakili, akaligeuza daftari, akamwekea kidole mahali pa kusoma tena kabla hajaapa. Baba Mdogo akainama kusoma, midomo ikitembea polepole juu ya kila neno, na Kimya akasogeza kiti ili mdogo wake apate pa kunyooshea mguu.