Bitcoin kwa Maua ya Kahawa

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na kila mbuni pale Kanoni ulikuwa umejaa maua meupe kuanzia chini hadi kileleni. Rwezaura alifika Jumamosi mchana kwa pikipiki kutoka Murongo, tope hadi magotini, akiwa na ile furaha ya mtu aliyekwisha kuamua jambo. Alimpa mama yake sukari na sabuni alizonunua mpakani, akanawa, akakaa. Tonge la kwanza lilikuwa bado mkononi alipotangaza kwamba Jumatatu asubuhi Xaveri wa Igurwa angekuja kununua kahawa.

"Kahawa gani?" dada yake, Mackrine, aliuliza. "Si ndiyo kwanza inachanua?"

"Hiyo hiyo inayochanua."

Mackrine aliinamia sahani yake ya ndizi na maharage. Alikuwa msichana wa aibu. Hata chuoni Bukoba, alikosomea uhasibu, walimu walimjua kwa mitihani yake, si kwa sauti yake. Lakini maana ya maneno yale aliielewa vizuri. Kuuza kahawa ingali maua huitwa butura, na hakuna nyumba Karagwe isiyoijua. Mnunuzi anakulipa leo nusu ya bei, pengine chini ya hapo, na kahawa ikiiva anakuja kuichuma kama yake. Serikali inakataza, chama cha ushirika kinakataza, na watu wanauza vilevile, kwa sababu kuna ada na kuna ugonjwa, na mavuno bado yako mbali.

Safari hii, nyumbani kwao hapakuwa na ada wala mgonjwa. Kulikuwa na simu.

Rwezaura aliifuta kwa shati, akamsogezea mama yao, Ma Prudensia. Kwenye kioo mstari wa kijani ulipanda, ukashuka kidogo, ukapanda tena.

"Mama, hii ndiyo bitcoin. Pesa ya mtandaoni. Unainunua, unaiacha, inapanda."

"Anayeilima ni nani?"

"Hailimwi, Mama."

"Hata samadi haitaki?" Ma Prudensia alicheka. "Basi mngeniambia mapema, mgongo wangu usingefika hapa."

Rwezaura naye akacheka, kisha akaeleza. Faida ya soda na vitenge alivyovusha kutoka Uganda aliiweka humo mwaka jana, na alipoitoa ikamnunulia matairi mapya na injini mpya ya pikipiki yake. Hakuwa tapeli, wala hakuwa ametapeliwa. Hilo ndilo lililomtisha Mackrine. Mtu aliyetapeliwa unaweza kumzindua, lakini aliyefanikiwa mara moja utamwambia nini?

Mpango wa kahawa ya mwaka huu ulikuwa mwingine, na wote watatu waliupanga pamoja. Kahawa ingeuzwa kavu, kwenye chama, kwa bei kamili, na malipo yake yangenunua tangi la maji na mifereji ya kukinga mvua kwenye bati. Magoti ya Ma Prudensia yalikuwa yamechoka. Kisima kilikuwa bondeni, na kila alipopanda na ndoo alisimama njiani akijidai anasalimiana na majirani, hata pale ambapo jirani hakuwepo.

"Tangi litakuja," Rwezaura alisema. "Matangi mawili! Nipeni miezi michache tu."

Jioni, alipokuwa akiosha pikipiki uani, Mackrine alimfuata na kusimama kando, mikono nyuma.

"Kaka, na mimi ninayo hiyo bitcoin."

Rwezaura aliacha kusugua. "Wewe? Maki wetu huyu?"

"Kidogo sana. Nilinunua chuoni, kwa pesa niliyoacha kununulia viatu. Wiki iliyofuata ikaporomoka. Ikakaa chini karibu mwaka mzima, ndipo ikarudi."

"Si umeona! Ikarudi!"

"Ilirudi kwa sababu niliweza kuisubiri. Nilitembea na viatu vya zamani, basi. Hii ya Mama tutaisubirije? Ikiporomoka mwezi wa saba, kahawa itakuwa kwa Xaveri, pesa itakuwa chini, na Mama atakuwa bondeni."

Rwezaura alikamua kitambaa taratibu. Alimpenda dada yake, ila hakuwa amezoea kubishiwa naye.

"Maki, nisikilize. Baba alipofariki, ukoo ulikaa ukanikabidhi mimi kibanja hiki, nyumba na shamba lake. Mimi ndiye musika, mrithi wake. Wewe kesho utaolewa, utakuwa na kibanja cha watu wengine cha kukililia. Hiki niachie."

Aliyasema kwa upole, na upole ule ulimuuma Mackrine kuliko kama angegomba. Ilikuwa kweli kwamba mrithi alikuwa Rwezaura. Mackrine aliingia jikoni, akajifuta macho, akamenya ndizi za kesho zote bila kuambiwa. Alipomaliza, kilio kilikuwa kimekwisha na wazo lilikuwa limebaki. Asingegombania kibanja. Angegombania tangi, maana hilo hakuna ukoo uliokaa ukamkabidhi mtu.

Jumatatu Xaveri alikuja, mtu mnene mwenye kofia ya pama na maneno mengi. Begani alibeba kamba za mgomba mkavu. Ndiyo kazi ya wanunuzi wa butura: wanapita shambani, wanapima maua kwa macho, na kila mbuni wanaoukubali wanaufunga kamba shinani, ili mwenye shamba asije akasahau si wake tena.

"Mwaka huu mmebarikiwa, waitu, ndugu zangu," alimwambia Ma Prudensia, akiinamia mbuni wa kwanza. "Maua kama harusi!"

Mackrine alifika akasimama kati yake na shina.

"Shikamoo, mzee Xaveri."

"Marahaba, binti. Nipishe kidogo."

"Nina swali kwanza."

"Maki," Rwezaura alisema kwa onyo.

"Swali moja tu, kaka. Mzee, kahawa hii unatulipa nusu ya bei ya chama, siyo?"

"Nusu na kidogo! Mimi si mchoyo."

"Na wewe utaiuza bei kamili."

"Mungu akipenda na mvua ya mawe isipopita. Biashara hiyo, binti, hata shetani anaielewa."

"Kaka anataka pesa hiyo akanunue bitcoin, ipande mara mbili. Wewe una pesa taslimu mfukoni sasa hivi. Mbona hukununua bitcoin, ukaja kununua maua yetu?"

Xaveri alicheka hadi kofia ikasogea. Alipenda kusifiwa, na swali lile alilisikia kama sifa.

"Mimi? Nikakeshe natazama simu inapanda inashuka, presha inipande? Mara mbili yangu ninayo hapa hapa! Ninaifunga kamba, ninakwenda kulala, wengine wananipalilia. Bitcoin yangu ni maua ya watu."

Kisha akakumbuka yuko shambani kwa nani, akakohoa.

Mackrine hakumtazama Xaveri tena. Alimgeukia kaka yake, na safari hii hakutazama chini.

"Nusu tunaiacha hapa kabla hujafika hata barabarani, kaka. Hiyo bitcoin ikipanda mara mbili, ndiyo kwanza utakuwa umerudi pale ambapo kahawa ingetufikisha yenyewe. Mara mbili nzima, na hatujaongeza hata bomba moja. Na isipopanda?"

Rwezaura alitazama mibuni, akatazama kamba begani kwa Xaveri. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Mtu wa mpakani anaishi kwa hesabu ya kununua na kuuza, na Mackrine aliona mahali hesabu ilipomkwama: pesa ya maua aliiona siku zote kama pesa ya bure, iliyookotwa njiani.

"Mama," alisema hatimaye, "wewe unasemaje?"

"Mimi bitcoin siijui," Ma Prudensia alijibu. "Lakini aliyekuja kununua amesema mwenyewe. Nimwongezee nini?"

Alikwenda ndani, akarudi na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akampa Xaveri kwa mikono miwili. Mgeni hupewa kahawa akija na biashara, hupewa pia biashara ikikataliwa. Xaveri alichota punje, akatafuna, akaaga bila kinyongo. Maua, alisema, yapo hadi Igurwa.

Rwezaura hakukaa kula mchana. Alifunga mzigo wake kwenye pikipiki akivuta mpira kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mackrine alimshikia mzigo usianguke.

"Ukitaka bitcoin, weka faida yako ya soda," alimwambia. "Ile ambayo ikipotea, utakasirika tu. Ya Mama hapana. Wala mwakani usije na Xaveri mwingine."

"Umekuwa mkali."

"Naogopa sana, kaka."

Rwezaura alimtazama, na uso wake ukalegea kidogo. Akapiga injini.

"Na mwezi wa saba ikiwa imepanda mara tatu?" alipaza sauti. "Mara nne? Utasemaje, Maki?"

Lilikuwa swali la haki, na Mackrine alijua jambo hilo linaweza kutokea. Alisogea karibu ili injini isimeze maneno yake.

"Utanicheka, na mimi nitakaa nichekwe," alisema. "Lakini nitakuwa bado nimekataa."