Korido ya Kijani

Nyumba zilikuwa kumi na mbili, zimeshikana bega kwa bega, kila moja nyembamba kama kabati: sebule mbele, korido pembeni, jiko nyuma, ngazi, vyumba viwili juu. Majirani walikuwa na utani wao, kwamba ukipiga chafya nyumba ya kwanza, wa nyumba ya tatu ndiye anayekupa pole. Katika nyumba ya saba aliishi mama mmoja mjane na bintiye wa pekee. Ya nane ilikuwa ya fundi saa, mzee aliyefiwa na mkewe miaka mingi nyuma na tangu hapo hajabadilisha hata pazia.

Binti alikuwa mpambaji wa nyumba. Walimwita Bi Mwanga, maana hakuna nyumba aliyoingia asiseme, "Hapa panataka mwanga." Wenye utani walilicheka jina hilo kwa maana yake ile nyingine, ya mchawi, naye alicheka pamoja nao. Kazi aliijua. Alikuwa na nyumba yake mtaa mwingine, lakini mama alipoanza kutia chumvi kwenye chai na kuacha bomba wazi mpaka jiko likafurika, alifunga mizigo akarudi kumtunza.

Daktari alimweleza wazi. "Ugonjwa huu wa kusahau hauponi. Cha kumsaidia ni kutombadilishia mambo. Mwache na vitu vyake, palepale vilipo."

Neno hilo liliingia sikio hili likatokea lile. Kila asubuhi Bi Mwanga alishuka ngazi akakutana na korido ile: rangi ya mafuta ya kijani hadi kifuani, juu yake rangi ya maziwa iliyogeuka manjano, vyote kazi ya mkono wa marehemu baba yake, na michirizi ya brashi bado inaonekana karibu na swichi. Sakafu ya saruji nyekundu. Kabati la vyombo lililoziba nusu ya dirisha. Alijiambia giza hili ndilo linalomla mama.

"Mama, nikikutengenezea nyumba ikang'aa, utapenda?"

"Fanya unavyoona, mwanangu. Wewe ndiye uliyesomea."

Akampeleka kwa mama mdogo kwa wiki tano. Ukuta wa korido ukavunjwa, sebule ikapumua. Kuta zikawa nyeupe zenye kijivu kwa mbali. Chini vikatandikwa vigae vikubwa vinavyong'aa. Kioo kirefu kikawekwa chini ya ngazi, na jikoni makabati yasiyo na vishikio, ya kusukuma kwa kidole. Masofa ya zamani na vitambaa vyake vya kufuma vilichukuliwa na muuza mitumba. Kabati halikupita mlangoni, likapasuliwa. Mpiga picha alikuja, na picha zile zilimletea Bi Mwanga wateja watatu kabla mama hajarudi.

Mama alirudi Jumamosi asubuhi. Alisimama kizingitini, akatazama sakafu, akapandisha gauni lake hadi magotini.

"Maji yametoka wapi haya?"

"Si maji, mama. Ni vigae. Kanyaga tu."

Alikanyaga kwa ncha ya kiatu, ameushika mkono wa binti yake kwa nguvu. Alipofika kwenye ngazi alimwona bibi kizee kwenye kioo, akampa tabasamu. "Karibu, mwenzangu. Umekuja kumwona nani?" Alisubiri jibu. Lilipochelewa akamgeukia binti yake kwa sauti ya chini: "Yule mama haitikii salamu."

Bi Mwanga alicheka, maana hakujua afanye nini kingine. Siku hiyo hiyo alikifunika kioo kwa shuka.

Yaliyofuata hayakuwa ya kuchekwa. Mama alisimama jikoni mbele ya ukuta mtupu wa makabati akitafuta kikombe, mikono ikipapasa, mpaka akalia. Bafuni kila kitu kilikuwa cheupe juu ya cheupe. Alishindwa kuona choo kilipo, akajikojolea amesimama katikati, yeye aliyekuwa mwanamke nadhifu kupita wote mtaani. Na kila alasiri alivaa sweta, akaushika mkoba wake, akasema kwa adabu, "Haya, nashukuru kwa yote. Sasa nirudisheni kwangu."

"Hapa ndipo kwako, mama."

"Usinitanie, binti. Kwangu napajua."

Alasiri moja alitoka bila kuonekana. Bi Mwanga alikuwa ameshakimbia mtaa mzima, roho mkononi, fundi saa alipomwita kutoka mlango wa nane. "Yuko huku. Njoo taratibu."

Nyumba ya fundi saa ilikuwa pacha wa ile ya zamani. Mafundi walewale waliijenga, kopo la rangi lilelile: yeye na baba yake Bi Mwanga walinunua pamoja enzi hizo. Korido ya kijani, saruji nyekundu. Mama alikuwa jikoni amepata kikombe bila kutafuta, anapuliza chai. Macho yake yalikuwa yametulia namna ambayo Bi Mwanga hakuwa ameiona kwa miezi.

"Mgeni huyo," mama alimwambia fundi saa. "Mpe kiti, mume wangu."

Fundi saa aliinamisha kichwa kwenye saa aliyokuwa akiitengeneza.

Bi Mwanga alirudi nyumba ya saba akaketi kwenye ngazi, akalielewa neno la daktari, sasa ambapo halikuwa na faida. Hata hivyo alijikaza. Alibandua kipande cha rangi kwenye ukuta wa jirani, akachanganya makopo siku mbili mpaka kijani kikalingana. Alisimamisha ukuta mwingine pale uliposimama ule wa kwanza. Vigae akavifunika kwa zulia jekundu. Kila asubuhi, wakati mama yuko kwa fundi saa, alifanya kazi kama mtu anayezima moto.

Kisha akamleta. Mama alipita koridoni akigusa ukuta.

"Wamepiga rangi nzuri," alisema. "Inanuka upya. Mwenye nyumba yuko wapi tumpongeze?"

Basi ikabaki nyumba ya nane. Mama alishinda huko mchana, na kila jioni kumrudisha hatua kumi zile kulikuwa kilio. Hali hiyo iliendelea miezi miwili, mpaka fundi saa alipokuja mwenyewe, kofia mkononi, asikubali kuketi.

"Binti yangu, siwezi tena."

"Amekukosea nini, mzee?"

"Hajanikosea. Ananiita mume wake. Mwanzoni nilikaa kimya. Wiki hii nimeanza kuitika." Alikuna shavu. "Jana ameniuliza kama nampenda, nikasema ndiyo. Baba yako alikuwa rafiki yangu. Na picha ya marehemu mke wangu iko ukutani palepale, inanitazama. Nisamehe. Nitafunga mlango."

Bi Mwanga hakuwa na la kumlaumu.

Siku zilizofuata mama aligonga mlango wa nane mpaka vifundo vya vidole vikavimba. Ndani, redio iliongezwa sauti. Bi Mwanga alimshika mabega kutoka nyuma, akasimama naye, majirani wakipita wakitazama pembeni. Kazi za watu alizikataa moja baada ya nyingine. Mteja mmoja alipompigia kuuliza achague kijivu au nyeupe, alikata simu katikati ya sentensi.

Halafu mama akaacha kugonga. Akaacha kuvaa sweta, akaacha kuomba kupelekwa kwake. Alikaa pale alipowekwa. Bi Mwanga, aliyekuwa ameomba kwa Mungu maombi yale yakome, sasa alimwuliza mwenyewe: "Mama, hutaki kwenda nyumbani?" Mama alimtazama kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua.

Fundi saa naye alikuwa akisikiliza kupitia ukuta. Ukimya ulimshinda kuliko kelele. Asubuhi moja aligonga. "Mlete. Niliyosema niliyasema, lakini mlete."

Walimwongoza, mmoja huku mmoja kule. Mlango wa nane ulifunguliwa wazi. Mama alisimama kwenye korido ya kijani, akatazama ukuta, akatazama sakafu nyekundu, akamtazama mzee aliyekuwa akimtabasamia.

"Hapa ni kwa nani?" aliuliza.

Fundi saa alienda kuchemsha chai, na walikunywa watatu mezani, saa zilizofunguliwa zimesukumwa kando. Mama alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini, akishukuru kwa kila kitu alichopewa. Chai ilipokwisha alimgusa Bi Mwanga mkononi.

"Tuage, dada," alisema. "Tumekaa sana, na watu wana kazi zao."