Bunduki Iliyolazwa Kwenye Friza

Tangu klabu ya kulenga shabaha iinunue mwanzoni mwa msimu, bunduki ile haikuwahi kumfurahisha mtu. Ilikuja mpya kutoka kiwandani, imelazwa kwenye sponji: bunduki ya shabaha ya risasi ndogo, ya kuvuta komeo kwa mkono kila baada ya kufyatua. Meneja aliiagiza kwa ajili ya siku ya wanawake. Lakini ukiweka karatasi mita hamsini na kupiga risasi tano, matundu yalitawanyika kama mtama uliomwagika. Wanachama wakaikimbia. Mwezi wa kumi na mbili meneja akatoa amri irudishwe dukani, na kama duka halitaki, ifunguliwe iwe vipuri.

Joweria ndiye aliyepewa kazi ya kuisafisha kwa mara ya mwisho. Mganda huyu alikuwa na mwaka wa pili pale klabuni, nje ya mji wa Dubai, barabara ya kuelekea jangwani. Aliajiriwa kufagia maganda ya risasi. Baadaye Mzee Adib, fundi wa silaha, akaona anavyoshika vitu, akamhamishia karakana kusafisha mitutu. Kwamba kabla ya kupanda ndege alitengeneza vitanda na makochi miaka sita kule Katwe, Kampala, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Alitoa komeo, akahakikisha chemba ni tupu, akatazama ndani ya mtutu kwenye mwanga. Ulikuwa unang'aa, mifereji yake haijalika. Chuma hakikuwa na kosa. Akaigeuza upande, akapitisha kidole mahali mtutu unapolala juu ya mbao, na kidole kikasita. Akachukua kipande cha karatasi, akakiingiza katikati ya mtutu na mbao na kukivuta kuelekea kwenye chemba. Kilitembea kiasi cha shubiri mbili, kisha kikakwama upande wa kushoto.

"Mzee," alisema, "mtutu si mgonjwa. Mbao ndiyo inausukuma."

Mzee Adib alivua miwani. Alikuwa mtu wa Unguja aliyekulia Dubai, na Kiswahili chake hakikuwa kimebadilika hata chembe. "Mwanangu, mimi nimebadilisha darubini mara mbili. Nimebadilisha risasi aina nne. Sasa wewe waniambia ni ubao?"

"Imesimama kabatini miezi mitatu, na AC inaipuliza upande mmoja, imepinda. Mlango wa kabati ukiufanyia hivyo hautafunga."

Mzee akavuta karatasi mwenyewe. Ikakwama palepale. Akaivuta tena. "Wiki moja," alisema. "Meneja niachie mimi. Lakini kila unachokitoa uniandikie."

Joweria akaibana bunduki kwenye jiliwa, akaanza na msasa uliozungushwa kwenye kijiti. Hakuwa na haraka. Alikwangua, akapima kwa karatasi, akakwangua tena, mpaka karatasi ikapita bila kugusa popote. Kisha akageukia kitako. Kilikuwa kirefu mno. Mwanamke wa kimo chake akilala kifudifudi, shingo ilibidi anyooshe kama kobe. Akakata sentimita tatu. Kipande alichokata hakukitupa. Alikichonga kiwe cha kuongezea kwa skrubu, ili mtu mrefu naye akija asikose. Juu akaweka kiegemeo cha shavu kinachopanda na kushuka.

Ikabaki kazi moja, ile aliyokuwa akiiogopa. Pale chuma cha chemba kinapokaa, mbao ilikuwa na nafasi, na chuma kilicheza kila risasi ilipotoka. Dawa yake ni kumimina gundi ngumu ya kuchanganya, chuma kikalie humo, ikauke ikiwa na umbo lake kamili. Ili chuma kisinate, unakipaka kwanza rangi ya viatu. Joweria alikipaka chote. Skrubu ya nyuma ndiyo aliyoisahau.

Asubuhi iliyofuata chuma kilikataa kutoka. Alivuta, akagonga kwa nyundo ya mpira, akavuta tena. Aliwaza kuhusu meneja, kuhusu ufagio wake wa zamani, na kuhusu chumba cha mtaa wa International City alimolala na wenzake watatu, ambao wote alikuwa ameshawaambia kuwa sasa yeye ni fundi.

Mzee Adib aliingia, akatazama, hakugomba. "Umesahau skrubu," alisema. "Na mimi niliisahau, mwaka ambao wewe hujazaliwa. Chuma hunywea kwa baridi. Nani ana friza hapa?"

Friza kubwa ilikuwa moja tu, ya jikoni, na mwenyewe alikuwa Khairiya, mpishi wa kutoka Mombasa. Aliwatazama wakiingia na bunduki iliyofungwa kwenye plastiki kama samaki.

"Weye Adib," alisema, "wataka kulaza bunduki na sambusa zangu?"

"Saa mbili tu, bibie. Haina risasi, haina hata komeo."

"Na mkaguzi wa jiji akija nimwambie ni nyama gani hiyo?"

Lakini alisogeza maboksi ya viazi, akatengeneza nafasi. Joweria alikaa jikoni saa zote mbili, akimsaidia kukunja sambusa ili mikono isikae bure. Khairiya akamwangalia anavyopanga kona za unga. "Mkono wako mzuri," alisema. "Yatatoka hayo madude yako."

Walipoirudisha kwenye jiliwa, Mzee Adib akampa nyundo. "Yako hiyo. Gonga mara moja."

Aligonga. Ikasikika sauti kama ya ukucha uliovunjika, na chuma kikatoka. Chini yake gundi ilikuwa laini kama sahani, bila tundu hata moja.

Jioni ile Joweria akalala kwenye mkeka, kitako kikakaa begani kana kwamba kilikuwepo siku zote. Alipiga tano, jinsi Mzee alivyomfundisha kujaribu mitutu aliyoisafisha. Mzee Adib akaileta karatasi mwenyewe, akitembea polepole, akaweka kifungo cha shati lake juu ya matundu. Yote matano yakafichika.

"Khalas, yamekwisha," alisema. "Hiyo hairudi dukani. Na kwenye mashindano ya wafanyakazi wa vilabu utaipiga wewe."

Wakafanya mazoezi wiki tano. Siku yenyewe walikuwa washindani kumi na tisa, wengi wao walinzi na wasimamizi wa uwanja waliozoea silaha kuliko yeye. Risasi ishirini, alama mia mbili. Bunduki za wengine zilikuwa za bei ambayo Joweria hakutaka kuifikiria. Kumi na nne za mwanzo alizipiga vizuri, akapoteza alama tatu tu. Ya kumi na tano upepo ukageuka, na risasi ikaangukia kwenye saba.

Alisikia minong'ono nyuma yake. Akatoa shavu kwenye mbao, akaangalia kibendera cha upepo, akangoja. Dakika ikapita, kisha ya pili. Muda ulikuwa unakwisha, lakini bunduki aliijua ndani nje. Lililobaki ni upepo, na upepo ungechoka. Kibendera kikalegea. Akavuta komeo, akapumua, akapiga. Kumi. Akapiga tena, kumi. Tano zote za mwisho zikaingia kati.

Mia moja tisini na nne. Aliyemfuata alikuwa na mia moja tisini na moja.

Khairiya alisahau kwamba ana unga mikononi, akamkumbatia na kumwachia alama mbili nyeupe mgongoni. Meneja akashikana naye mkono mbele ya wageni, akisema klabu siku zote ilijua thamani ya bunduki ile. Mzee Adib akakohoa, akatazama pembeni.

Kabla hawajafunga vitu, kocha wa klabu kubwa kutoka upande wa pili wa mji akaja, akapitisha mkono juu ya kiegemeo cha shavu na kuinama kutazama uwazi uliozunguka mtutu.

"Mzee Adib, kazi safi sana. Umetumia kiwanda gani?"

"Mimi sikugusa," Mzee alijibu. "Fundi ni huyu hapa. Muulize yeye."

Kocha akamgeukia Joweria. Alikuwa na bunduki mbili kwenye gari, alisema, zote zinatawanya, na hajui tatizo liko wapi.

"Zilete Jumamosi," Joweria alisema. "Niambie na AC yenu inapulizia wapi."

Jumamosi alipofika karakana, alikuta meza ya pili imewekwa karibu na dirisha, na kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni, mbele ya jina lake, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: fundi.